Usiwashe Moto Siku ya Upepo: Kiangazi, Moshi na Haki ya Jirani Milimani Usambara

Msafiri anayepanda gari Mombo kuelekea Soni huliacha joto bondeni. Barabara hupinda ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, na muda si mrefu upepo unaoingia dirishani huwa umebadilika. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Lushoto, mbele ya Soni, unakaribia mita 1,400. Ubaridi huo ndio uliowavuta Wajerumani wakajenga kituo chao cha Wilhelmsthal pale palipo Lushoto ya leo, na ndio unaowafanya wengi wa milimani waione hatari ya kiangazi kuwa ni jambo la watu wa bondeni. Joto ni la Mombo na Korogwe. Huku juu tuna ukungu.

Ukungu upo, alhamdulillahi. Hata hivyo, Usambara nayo ina miezi yake mikavu, na hatari ya miezi hiyo haipimwi kwa joto peke yake. Vuli ikishakoma, Januari na Februari huja na jua kali na upepo wa kaskazi. Masika yakipita na baridi ya Juni na Julai ikalegea, ardhi hukauka tena kuanzia Agosti hadi Oktoba, watu wakiingojea vuli nyingine. Sasa tazama kalenda ya mkulima: vipindi hivyo viwili ndivyo anavyoandaa shamba. Hufyeka, hukusanya mabua na magugu, kisha huwasha kiberiti. Msimu wa majani kukauka na msimu wa kuwasha moto umekuwa msimu mmoja.

Hapo ndipo inapozaliwa balaa ambayo maofisa misitu wameipa jina la moto kichaa. Moto mwingi unaoteketeza misitu ya bara letu hauanzishwi na radi. Huwashwa na mkono wa binadamu. Kuna anayesafisha shamba, kuna mchoma mkaa aliyeliacha tanuri lake, kuna mrina asali anayefukuza nyuki kwa mwenge, kuna mwindaji, na kuna anayetupa kipisi cha sigara njiani. Wengi wao hawakukusudia kumdhuru mtu. Walikusudia kumaliza kazi mapema.

Majirani zetu wa Kilimanjaro walilipata somo hilo mwezi Oktoba 2020. Moto ulioanza tarehe 11 katika eneo la Whona, mahali pa mapumziko ya wapanda mlima, ulielezwa na Shirika la Hifadhi za Taifa kuwa ulitokana na wabeba mizigo waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Jiko dogo, chakula cha watu wachache. Ulipokuja kudhibitiwa ulikuwa umeunguza kiasi cha kilomita za mraba 95, na mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanakijiji, walikuwa wamepanda mlima kupambana nao. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ukazuka huko huko, karibu na kambi ya Karanga. Mwezi ni ule ule wa ukavu.

Usambara ina cha kupoteza kuliko watu wengi wanavyodhani. Misitu ya Magamba, Shagayu, Baga na Mazumbai ni mabaki ya msitu wa kale wa Tao la Mashariki, na ndani yake mna mimea na viumbe visivyopatikana popote pengine duniani. Ua dogo la zambarau linalopambia madirisha ya nyumba za Ulaya lilitoka katika milima hii. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao katika miaka ya 1890, na hadi leo kwa lugha nyingi linaitwa kwa jina la Usambara. Ila tusijidanganye kwamba jambo lenyewe ni la maua. Misitu hii ndiyo inayoshika mvua na kuiachia kidogo kidogo katika vijito vinavyonywesha vijiji, vinavyomwagilia kabichi na viazi, kisha vikateremka hadi bonde la Mto Pangani. Mteremko ukiungua Februari, masika ya Machi huukuta uchi. Udongo wa juu, ambao ndio mali yote ya mkulima wa mlimani, huteremka na maji.

Wasambaa wa zamani walikuwa na maneno mawili mazito kuhusu nchi yao: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Yalitumika zaidi katika mambo ya watawala na mvua. Kwa maoni yetu, mtu anayewasha mlima siku ya upepo anastahili kabisa kuhesabiwa katika neno la pili.

Siku ya upepo katika fiqhi

Maneno hayo, siku ya upepo, hatukuyachagua kwa kupamba kichwa cha habari. Yamo katika vitabu vya fiqhi. Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika mkoa wa Tanga na mwambao wote, wamelijadili suala la mtu aliyewasha moto katika milki yake mwenyewe, cheche zikaruka na kuunguza mali ya mwenzake. Imamu Nawawi amelieleza katika Rawdha: ikiwa mtu amewasha kwa kiasi cha kawaida, hana dhamana. Lakini ikiwa amezidisha moto kuliko ilivyo desturi, au amewasha siku ya upepo mkali, basi analipa kilichoharibika. Ibn Qudama, wa madhehebu ya Hanbali, naye katika al-Mughni ametofautisha kati ya aliyechukua hadhari na aliyefanya uzembe au kupita kiasi.

Natija yake ni nzito. Mtu anaweza kuwa juu ya ardhi aliyorithi kwa babu yake, akichoma magugu aliyoyalima kwa jembe lake, na bado akawa na deni la mgomba wa jirani, la miti ya kahawa, la mzinga wa nyuki, la nyumba. Hatoki katika deni hilo kwa kusema hakukusudia. Upepo ulikuwepo, aliuona, akawasha. Na anayedhani kwamba akinyamaza hakuna atakayejua moto ulianzia wapi, ajue kuwa haki ya mja haifutwi kwa kutofahamika na majirani.

Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuleta madhara na kulipizana madhara, kama alivyopokea Ibn Majah, na juu ya kanuni hiyo wanazuoni wamejenga milango mingi ya sheria. Yapo pia mapokezi ya Ibn Masud katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye kichuguu cha sisimizi kilichochomwa moto, akauliza ni nani aliyekichoma, kisha akabainisha kuwa kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake. Ikiwa sisimizi waliulizwa habari zao, je, kinyonga, ndege walio kiotani na nyuki wa bonde zima?

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya uchomaji wa mimea na adhabu kwa anayeyavunja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya anayetaka kuchoma ni kufika ofisi ya kijiji. Tunatambua kuwa wapo wanaoiona safari hiyo kuwa usumbufu kwa ajili ya shamba la robo eka. Shamba la robo eka likiwa chini ya msitu wa misonobari si jambo dogo.

Kwa nini mlima ni hatari zaidi

Moto hupanda kwa kasi kuliko unavyoshuka. Sababu yake ni nyepesi: ndimi za moto kwenye mteremko huinama karibu na majani yaliyo juu yake, zikayakausha na kuyapasha kabla hazijayafikia. Wataalamu wa moto hukadiria kuwa kila mteremko unapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda hukaribia kuwa maradufu. Anayeijua miteremko ya Soni, ambako mtu hulima huku ameegemea mlima, anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Makorongo ni mabaya zaidi. Hufanya kazi ya dohani, yakiuvuta moto na moshi kwenda juu kwa nguvu.

Tena upepo wa mlimani una tabia yake. Mchana jua likipasha miteremko, hewa hupanda kutoka bondeni. Usiku hewa hupoa na kuteremka. Basi moto uliowashwa saa saba mchana chini ya mlima una upepo mgongoni na mlima mbele yake, na hakuna kundi la vijana wenye matawi mabichi litakaloukimbilia likaupita.

Siku ya hatari hujulikana bila kipimo cha kitaalamu. Asubuhi hakuna umande. Jani lililoanguka ukilifinya mkononi huvunjika kama karatasi. Anga ni jeupe, na mikaratusi inainama upande mmoja tangu saa nne. Siku hiyo hata moto wa kuchoma mahindi pembeni mwa shamba usiwashwe. Mwenye redio asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa inapotaja upepo mkali. Mara nyingi tunaisikiliza kwa ajili ya mvua tu, na maneno ya upepo yanapita bila kutushughulisha.

Lililo bora ni kuacha kuchoma. Hili si jipya Lushoto. Mradi wa SECAP, ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani, ulitumia miaka mingi kuwafundisha wakulima wa wilaya hii kupanda majani ya Guatemala kwa kufuata kontua, kupanda miti shambani na kufugia ng'ombe zizini. Shamba la namna hiyo lina kazi na kila kijiti. Mabua huliwa na ng'ombe, magugu hutandazwa chini ya migomba na kahawa yakahifadhi unyevu, na yanayobaki huozeshwa kuwa mboji. Anayeyachoma anachoma mbolea, halafu Machi anakwenda dukani kununua nyingine.

Kwa yule ambaye hana budi, baada ya kupata ruhusa, awaarifu majirani wa juu na wa pembeni mapema. Alimie mkanda mtupu kuzunguka shamba hadi udongo uonekane. Akusanye mafungu madogo, achome fungu moja baada ya jingine alfajiri umande ungalipo, akianzia upande wa juu wa shamba ili moto ushuke badala ya kupanda. Wawepo watu wazima kadhaa wenye maji, majembe na matawi mabichi. Na asiondoke. Moto mwingi unaopotea haupotei ukiwa unawaka. Hupotea baada ya mwenyewe kwenda kula, kisiki kikiwa kinafuka.

Moshi unapoteremka bondeni

Wakati mwingine moto uko mbali, juu Magamba au ng'ambo ya bonde, na nyumba yako haina hatari ya kuungua. Moshi ndio unaokuja. Kwa kuwa hewa ya usiku huteremka, moshi hulala bondeni tangu magharibi na kukaa hapo hadi jua la asubuhi lipande. Familia zinazoishi karibu na mito na barabara huvuta moshi mzito zaidi alfajiri kuliko mchana.

Jambo baya la moshi si ule weusi unaouma macho. Ni chembechembe ndogo mno, upana wake hata haufikii sehemu ya ishirini ya unywele, ambazo hupita pua na koo zikaingia ndani kabisa ya mapafu na baadhi yake hufika kwenye damu. Watoto wadogo, wajawazito, wazee, wenye pumu na wenye maradhi ya moyo ndio wanaoumia kwanza. Hapa inafaa kusahihisha desturi iliyoenea: kuziba pua kwa ushungi, kanga au kitambaa kilicholowa. Kitambaa huzuia majivu na huleta nafuu ya koo, lakini chembe zile hupenya. Barakoa ya daraja la N95, inayobana vizuri usoni, ndiyo inayozichuja. Duka la dawa la mjini likiwa nayo, mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani aiweke akiba kabla ya kiangazi.

Nyumba zetu nyingi hazizibiki. Kuna nafasi kati ya ukuta na paa, kuna madirisha ya mbao yasiyokutana. Basi usipigane na nyumba nzima. Chagua chumba kimoja kilicho mbali na upande wa moshi, ziba nyufa zake kwa nguo kuukuu, na walaze humo watoto na wagonjwa. Usifagie kwa kutimua vumbi, usichome ubani wala udi siku hizo, na usiwashe kuni ndani. Mchana moshi ukipanda, fungua milango hewa ipite. Watoto wa madrasa wasikimbizwe uwanjani wakati bonde limejaa moshi. Ustadhi akiahirisha darasa la alfajiri siku mbili hakuna somo litakaloharibika.

Kukohoa na kuwashwa macho ni kawaida. Lakini mtoto anayepumua kwa haraka huku mbavu zikiingia ndani, mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, maumivu ya kifua, midomo inayobadilika rangi au mtu kuchanganyikiwa, hao ni wa kupelekwa kituo cha afya wakati huo huo, usiku au mchana.

Hatuwezi kuzungumzia moshi wa mlimani tukaunyamazia wa jikoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba unaotokana na nishati chafu za kupikia ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaouvuta kila siku ni mama zetu na wake zetu, na mtoto aliyefungwa mgongoni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mume anayesubiri mwaka 2034 ilhali ana uwezo wa kununua mtungi wa gesi leo, au walau kutoboa dirisha la jikoni, ana maswali ya kujibu katika nyumba yake.

Lipo pia jiko la mkaa chumbani. Hili ni la baridi ya Juni na Julai, lakini tunalitaja kwa sababu linaua kimya. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kabonimonoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Nyumba moja Madina iliwahi kuungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari zao alieleza kwamba moto ni adui wa watu, na akaamrisha uzimwe wakati wa kulala, Bukhari na Muslim wote wamelipokea hilo kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari. Katika mapokezi ya Jabir sababu imetajwa hadi ya panya anayekokota utambi akaunguza wenye nyumba. Taa za mafuta zimepungua majumbani, panya wapo, na jiko la mkaa limechukua nafasi ya utambi.

Joto, swaumu na safari

Kuanzia mwaka 2026 Ramadhani inaanza ndani ya Februari, na mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa mfungo unaangukia katikati ya kiangazi, wakati wa kuandaa mashamba na wakati wa moto. Familia za milimani zijipange. Kazi ya jembe ifanywe baada ya swala ya alfajiri hadi saa nne, na kilichobaki kingoje jua lipungue. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku badala ya kujaza tumbo mara moja. Chai ya rangi nyingi na vyakula vya chumvi huongeza kiu ya kesho.

Msafirishaji wa mboga anayeteremka Mombo kupakia lori ana mtihani wa ziada. Mwili uliozoea ubaridi wa Soni hauhimili joto la bondeni kwa siku moja, huchukua wiki nzima au zaidi kulizoea. Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukakamaa ni onyo. Aende kivulini, alegeze nguo, ajimwagie maji. Kama hajafunga, lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi humfaa. Lakini mtu akianza kuropoka, kuanguka au kupoteza fahamu, mwili ukiwaka moto, hiyo ni dharura ya kifo. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, mkimbizeni hospitali, na msimnyweshe kitu akiwa hana fahamu.

Je, aliyefunga afanye nini? Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani, na wanazuoni wamemuunganisha naye anayechelea madhara ya kweli kwa kiu au kazi isiyoepukika. Atanuia usiku na kuanza siku akiwa amefunga. Hali ikimshinda, atafungua na kuilipa siku hiyo baadaye. Moshi au vumbi lililoingia kooni bila kukusudia halibatilishi swaumu. Ama dawa ya pumu ya kuvuta, wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana: wapo wasemao haifunguzi, na wapo wasemao inafunguza. Ambalo halina hitilafu ni kwamba aliyebanwa na pumu ataitumia papo hapo, na suala la kulipa siku atalipeleka kwa sheikh wake akishapata pumzi.

Sheria yenyewe imelizingatia joto hata katika swala. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliagiza adhuhuri icheleweshwe joto linapokuwa kali mpaka lipoe. Misikiti ya bondeni yenye waumini wanaotembea mwendo mrefu juani inaweza kulifikiria hilo, ndani ya wakati wake.

Wanaowaandaa wazee wao kwa Hija nao wazingatie yaliyotokea Juni 2024. Katika Msikiti Mtukufu wa Makka joto lilifikia nyuzi 51.8 za Selsiasi, na Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, asilimia 83 vikiwa vya watu waliohiji bila kibali. Hao wengi walitembea mwendo mrefu juani, bila mahema yenye ubaridi. Mzee wa Soni ambaye maisha yake yote amelala na blanketi, akipelekwa kwa njia za panya kwa sababu ni rahisi, amepelekwa mahali pa hatari. Mwavuli, maji, viatu vyepesi na kibali halali ni sehemu ya maandalizi sawa na ihramu.

Moto ukija

Kabla ya kiangazi kukomaa, zunguka nyumba yako. Rundo la kuni lililoegemea ukuta lisogezwe mbali. Majani makavu yaliyojaa chini ya mapaa na kwenye mifereji yatolewe. Mikaratusi karibu na nyumba ni hatari kwa sababu majani yake yana mafuta, na magome yake yaliyochanika huruka yakiwa yanawaka hadi paa la jirani. Weka maji katika pipa kila jioni. Amueni mapema ni nani atakayembeba bibi, nani atawachukua watoto, na mtakutana wapi. Vyeti, kadi za kliniki na dawa viwe katika mfuko mmoja.

Anayetoka kwenda kusaidia kuzima avae pamba: kitenge, shati zito la pamba, suruali ndefu, viatu vya kufunika mguu. Baibui nyingi zinazouzwa siku hizi ni za polista, na kitambaa hicho hakiungui kikaanguka, huyeyuka kikaganda kwenye ngozi. Dada zetu wanaokimbilia kuzima moto, au wanaopika kwenye kuni, wakumbuke hilo. Stara inapatikana katika pamba pia.

Moto ukiwa chini yenu mteremkoni, msiukimbie kwa kupanda. Utawashinda. Nendeni pembeni, kisha mteremke, mkitafuta shamba lililolimwa, barabara, mto au mahali palipokwisha kuungua. Msiingie korongoni hata kama lina kivuli na linaonekana njia ya mkato. Ng'ombe wa zizini wafunguliwe kamba mapema. Wengi wamepoteza muda wa kujiokoa wakihangaika na fundo.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, haina malipo. Piga pale pale, usingoje kuona kama moto utajizima wenyewe, kwa maana gari la zimamoto nalo litapanda kona zile zile. Taja kijiji, kitongoji na alama inayojulikana, kama msikiti au shule, kisha umjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Kipaza sauti cha msikiti ni njia ya haraka kuliko simu ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, na maimamu wa vijiji vilivyo karibu na misitu wanaweza kukubaliana mapema na serikali ya kijiji jinsi tangazo litakavyotolewa, ili usiku wa manane watu wasidhani ni msiba.

Moto ukishazimwa, wawili au watatu wabaki. Mizizi ya miti huendelea kuwaka chini ya udongo siku kadhaa, na kaskazi ikivuma tena huufufua. Pitieni kila kisiki kwa mgongo wa kiganja, bila kukigusa. Penye joto, fukueni na mwagieni maji, na kesho yake mrudi mpitie tena.